Nyumba Haifungwi kwa Ajili ya Waya

Mpendwa mume wangu, Baba Saada,

Kama umesimama, keti kwanza. Saada ni mzima. Vidole vyake vyote anavyo, macho anayo, na ulimi ndio usiseme. Leo asubuhi amemaliza muhogo wake akaugeukia wa mdogo wake. Hamisi naye anaota jino, analia ukimshika na analia ukimwacha, lakini ni mzima pia. Namshukuru Mungu kwa hao wawili, na nakuombea wewe huko kwenye barabara mnayoichimba, jua lisikuchome zaidi ya lilivyokwisha kukuchoma.

Shomari, yule dereva wa lori la chumvi, alifika jana na ujumbe wako. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, kama mtu aliyeleta tanzia.

"Shemeji," akasema, "kaka amesema ufunge nyumba. Uchukue watoto uende Ubena kwa ami yake, ukae huko. Na hiyo redio amesema hataki kuikuta siku akirudi. Umpe mtu au uitupe baharini."

Nikamwuliza, "Shomari, na wewe ulimwambia nini kwanza?"

Akatazama vidole vya miguu yake. "Mimi nilimwambia vile nilivyoambiwa."

"Uliambiwaje?"

"Kwamba mtoto amekamatwa na umeme wa redio, mkono umeungua mpaka kwenye kiwiko."

Saada alikuwa nyuma yangu anamung'unya ukwaju. Akautoa mkono ule ule, mzima, unanata, akampa Shomari. "Shikamoo, baba Shomari." Maskini yule mtu alisahau hata kuitikia. Aliushika mkono wa mwanao akaugeuza huku na huku kama mnunuzi wa pweza.

Nimeifuata habari ile nyuma mpaka ilikotoka. Hapa sokoni Bagamoyo ilikuwa mtoto amechanika mdomo. Ilipofika Kerege ikawa kidole kimeungua. Ikaingia Dar es Salaam ikatoka na mkono mzima. Na ilipofika Chalinze, wewe ukapewa nusu mtoto. Sikulaumu kwa kuogopa. Hata mimi ningeletewa nusu mtoto ningesema nyumba ifungwe.

Lakini sasa nataka unisikilize mimi, maana mimi nilikuwepo. Najua barua zako husomwa mbele ya kambi nzima, kwa kuwa wewe ulikikimbia chuo na shule ukaikimbia, na huyo ndugu anayewasomea hana sauti ya chini. Basi na hii iwe barua ya wazi, wenzako wote wasikie, sina la kuficha. Ndugu msomaji, msomee polepole, usiruke mstari. Na pale nitakapokuomba ushushe sauti, nakusihi ushushe.

Unakumbuka, Baba Saada, siku uliyoileta ile redio? Yule bwana wa forodhani uliyekuwa ukimfanyia kazi alikuwa amehamishwa, akakuachia. Ulikuja nayo kichwani juu ya kata uliyoisokota kwa kanga yangu ya kutokea, na betri zake umezitia kwenye tenga la samaki, kwa hiyo mwezi ule wote taarifa ya habari ilinuka papa. Hukuingia ndani. Uliiweka barazani ukaizunguka, unaikagua kana kwamba hukuibeba wewe, mpaka nikakuuliza kama unangoja ikukaribishe.

Kisha ikaja kazi ya kutundika waya wa juu, ule wa kunasia sauti. Ukapanda mnazi wa jirani yetu Bi Tatu, waya umeufunga kiunoni. Mimi nilikuwa na mimba ya Saada, tumbo linatangulia na mimi nafuata, nimeshika ncha ya pili huku chini.

"Vuta!" ukapiga kelele.

Nikavuta.

"Usivute!"

"Sasa nivute nisivute?"

"Vuta kama mtu asiyetaka kuvuta!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini mchangani, na Bi Tatu akatoka na ufagio wake. "Nyie watoto, mkiniangushia nazi mtazikuna kwa meno!" Wewe huko juu ukamjibu kwa heshima zote, "Hapana, Bi Tatu, tunaziongezea utamu," na wakati ule ule nazi mbili zikaanguka.

Jioni ile tulikuwa tumejaa uani. Sauti ilipotoka, mtangazaji akatuamkia, akasema salaam aleikum. Bi Tatu akaitikia kwa ukamilifu, akamwuliza na habari za nyumbani kwake. Yule mtu akaendelea na mambo yake. Bi Tatu akatugeukia, "Hana adabu huyu. Anaamkia watu wazima halafu hangoji jibu." Mpaka leo hajamsamehe.

Nakukumbusha haya kwa sababu baadaye ulikaa na mimi kwenye kiambaza ukanifundisha nyaya, na hukunifundisha kwa mzaha. Waya wa kwanza kukatika ulikatikia pale dirishani, ulipokuwa ukisuguana na mbao kila upepo ukivuma. Ulianza kuumenya kwa meno. Nikakwambia, meno hayo nimeolewa nayo, chukua wembe. Ukachukua wembe. Ukanionyesha namna ya kuzungusha wembe juu ya ngozi ya waya bila kuigusa shaba, kwa sababu shaba ikitiwa jeraha itakatikia papo hapo siku nyingine. Ukanionyesha zile nyuzi za ndani zilivyo nyembamba, ukasema, "Hizi ni kama nywele za mtoto. Zichane kwanza, halafu zisuke, zikumbatiane. Usizilaze tu ubavu kwa ubavu kama mke na mume walionuniana." (Ndugu msomaji, hapo ungeshusha kidogo. Basi, imeshapita.)

Nilisuka vizuri kukushinda. Ulikubali mwenyewe. Vidole vyangu vimezaliwa kwenye ukili na kamba, vyako kwenye sururu.

Na wenzako wasikie na hili, wakucheke kidogo. Tulikosa kitu cha kufungia pale tulipounga. Mimi nikataka kwenda kwa fundi cherehani kuomba uzi. Wewe ukaona usumba wangu wa makumbi ya nazi umeanikwa uani, ukaruka. "Wa nini uzi? Huu hapa! Kamba inayofunga ngalawa na bahari haijaishinda, itashindwa na kiwaya hiki?" Ukakata ukaviringa, ukakaza kwa goti, ukajisifu mpaka wakati wa kula. Na kweli, ulikaa. Ilipopita miezi miwili hivi redio ikaanza kukoroma, ikawa kama chura ndani ya mtungi. Ukaipiga kofi ubavuni. Ukaigeuza ielekee kibla. Ukamlaumu yule bwana wa forodhani.

Mimi ndiye niliyefungua pale ulipofunga. Shaba ilikuwa imegeuka kijani, inameguka kama majani makavu. Nikautia usumba ulimini. Chumvi tupu! Na mimi na wewe wote tumekulia kwenye kazi hiyo, tunajua makumbi yanafukiwa kwenye tope la pwani miezi mingapi, maji yanakuja juu yake na kuondoka, ndipo yanafukuliwa na kugongwa. Huo usumba ni bahari iliyosokotwa. Ng'ambo huko pengine mtu hawezi kufanya kosa hilo, kwa kuwa hana usumba. Sisi tulikuwa nao mkononi, na kila siku tunaiosha chumvi yake kwenye miguu yetu, na haikutujia akilini.

Ukasema, "Basi redio imekula samaki mpaka imeugua." Ndipo ukaenda mwenyewe kwa fundi cherehani, ukaja na uzi wa pamba, na nta ya nyuki ya kuupaka.

Siku ulipoondoka kwenda barabarani, Hamisi alikuwa bado yumo tumboni. Ulizunguka nyumba ukigusa vitu: komeo, mtungi, kamba ya kuanikia nguo. Ulipofika kwenye redio ukaniambia maneno haya, nayakumbuka kwa sababu hukuwa mtu wa kusema mengi siku ile: "Hii nakuachia wewe. Asiiguse mtu mwingine, hata akijiita fundi. Wewe unaijua." Sasa nakuuliza mbele ya wenzako: aliyekuambia wakati ule kwamba naijua, ni wewe au ni mwingine?

Haya. Nikueleze siku yenyewe.

Ilikuwa alasiri. Niko uani nagonga makumbi, Hamisi amelala kwenye mkeka chini ya dirisha. Saada alikuwa ametoka kuosha vyombo, mikono inachuruzika maji, akaingia ndani kuifungua redio kwa sababu saa ya nyimbo ilikuwa imekaribia. Panya walikuwa wametafuna nyaya za betri kubwa kule nyuma, upande usioonekana, nyaya mbili zote ziko uchi mahali pamoja. Yeye akapitisha mkono nyuma akazishika. Betri kubwa unaijua. Mkono ukiwa mkavu utadhani mtu anakutekenya, lakini ukiwa umelowa inauma kama tandu. Akapiga ukelele, akaruka kinyumenyume, akaanguka na mdomo kwenye kinu. Umeme ulimtisha, kinu ndicho kilichomchana mdomo. Damu ilitoka nyingi kama inavyotoka ya mdomo, na watu waliokuja mbio waliiona damu, hawakukiona kinu.

Niliogopa, Baba Saada. Nilimbeba, tukaketi sakafuni sote watatu tunalia, Hamisi analia bila kujua kilichotokea, maadamu sisi tunalia. Nilikuwa nimechoka siku ile. Siku hizi nachoka mpaka nalala na tonge mdomoni. Hamisi ananyonya huku mimi nasokota, na mikono yangu imepasuka kwa maji ya chumvi hata kumwogesha nasikia uchungu. Basi nikajiona kwamba mimi ni mama asiyeona mambo. Nyaya zinatafunwa ndani ya nyumba yangu, na mimi sijui.

Bi Tatu alikuwa wa kwanza kufika. Alimwosha mtoto mdomo kwa maji ya mwarobaini, akamsomea, kisha akainuka kuielekea redio. "Itoe nje! Nilisema tangu siku ile. Mtu anayeamkia bila kungoja jibu, huyo hana nia njema na watu."

Nikazing'oa nyaya zote kwenye betri. Nikaibeba redio. Nilifika nayo mlangoni, ndipo Saada akaniita, mdomo umevimba, maneno yanatoka kwa tabu.

"Mama, unampeleka wapi?"

"Nakwenda kumtupa."

"Kwa sababu ameniuma?"

"Ndiyo."

Akafikiri. "Lakini panya ndio waliomtafuna yeye kwanza."

Nilisimama na ule mzigo mikononi. Bi Tatu akasema, "Usimsikilize, huyo ni mtoto." Nami nilikuwa nimekwisha kumsikiliza. Nikairudisha ndani, nikaifunika kanga, nikamwambia Bi Tatu ahsante kwa yote na kwamba kesho nitaiangalia kukiwa na mwanga. Alikwenda zake akinung'unika kwamba wasichana wa siku hizi wameingiwa na ukaidi wa mashuleni.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, nilimfunga Hamisi mgongoni, nikatandika jamvi barazani. Saada nilimketisha mbele yangu, mikono juu ya magoti. Nikamwambia, "Leo unatazama. Hugusi." Nilitaka aone kila kitu, kwa sababu kitu unachofichwa ndicho unachokiendea kimyakimya.

Ile mara ya kuzing'oa niling'oa kwa hasira, sikuweka alama. Na unajua nyaya zile zilikuwa na rangi zake, lakini moshi wa koroboi umezipaka zote weusi mmoja. Mbili ni za betri kubwa na mbili ni za betri ndogo. Nikikosea nikaitia nguvu ya ile kubwa mahali pa ile ndogo, vile vitaa vya ndani vitaungua vyote mara moja, na hapo redio imekufa, hakuna cha kushona wala kusokota. Nikasema, nikiiua, Baba Saada atakuwa amesema kweli, na mimi nitakwenda Ubena nimeinamisha kichwa. Nakuapia wakati ule ujumbe wako haujafika, lakini nilikwisha kuujua. Najua ungesema nini kabla hujasema.

Nilifungua ubao wa nyuma. Nikaufuata kila waya kwa ncha ya kidole, kutoka nje mpaka ndani, mpaka pale unapoingia. Uchafu niliufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi, kidogo tu, na rangi zikaanza kujitokeza kwa aibu, moja baada ya nyingine. Kwenye kapu langu kulikuwa na vipande vya ukili vilivyobaki kwenye ule mkeka wa harusi ya binti wa Bi Tatu. Nikafunga chekundu kwenye waya huu, cha zambarau kwenye ule, kijani, na kimoja kisichotiwa rangi. Na betri nazo nikazifunga vilevile, kila tundu na ukili wake. Sasa hata nikiwa na usingizi siwezi kukosea, na moshi uje utakavyo.

Halafu nikakata sehemu zote zilizotafunwa. Nikamenya kwa wembe, shaba sikuijeruhi. Nikazichana, nikazisuka. Kila moja nikaifunga uzi wenye nta, na juu ya uzi nikaviringa utepe wa mpira. Ule mpira wa ndani wa baiskeli yako uliokuwa umejaa viraka, nimeukata mikanda myembamba. Ukiuvuta wakati wa kuviringa unajibana wenyewe, maji hayaingii. Usikasirike, hata fundi baiskeli alikuwa ameukataa.

Na kwa ajili ya panya nikafikiri sana. Mwisho nikachukua mwanzi, nikautoboa vifundo vyake kwa chuma cha moto, nikazipitisha nyaya mle ndani kuanzia kwenye redio mpaka kwenye betri. Panya atafune mwanzi kama meno yake yana kazi ya kufanya. Betri zote mbili nimezitia kwenye sanduku la chai, na sanduku nimeliweka juu ya dari ndogo ya jikoni, pakavu, mahali mtoto hafiki hata akipanda juu ya kinu. Kile kinu nacho nimekihamisha.

Nilipokuwa nakaribia kuunganisha waya wa mwisho, Saada akauliza, "Mama, unaogopa?"

"Naogopa."

"Sasa mbona unafanya?"

Nikamwambia, "Nyamaza, nafanya hesabu." Nikaupachika.

Kwanza kimya. Wewe unaijua ile redio, lazima ijifikirie. Nikauma kanga. Halafu ikatoka sauti ya mtu anazungumza habari za korosho, jinsi ya kuzianika zisiingie unyevu. Mimi sina mkorosho hata mmoja, lakini nilizisikiliza zile korosho mpaka mwisho, machozi yananitoka, na Hamisi mgongoni anapiga miguu kama anayecheza ngoma. Saada alibaki pale pale, mikono juu ya magoti. Akanong'ona, "Mama, sasa hatauma?"

"Hatauma ukimwacha. Waya haushikwi na mikono iliyolowa. Waya haushikwi mama hayupo. Ukiona umechubuka, huugusi, unaniita."

Sasa amekuwa yeye ndiye askari wa nyumba. Juzi alimzuia mwalimu wake wa chuo mlangoni, "Onyesha mikono!" Nilitamani ardhi ipasuke. Mwalimu akaonyesha.

Na Bi Tatu, nikwambie. Haikupita siku nyingi akaja na kitu chini ya kanga yake, anatazama nyuma kama aliyebeba nyama ya wizi. Ilikuwa tochi yake, ile haijawaka tangu mwaka jana. "Mama Saada," akasema, "hii nayo ina mambo ya ndani?" Nikaifungua. Ukanda mdogo wa shaba ulio pembeni ulikuwa umeota kijani kama kile tulichokijua mimi na wewe. Nikausugua kwa majivu, nikaukausha juani, nikamwekea betri za tochi yetu ajaribu. Ikawaka mchana kweupe. Bi Tatu akaipiga usoni kwangu, akaipiga darini, akammulika nayo Hamisi aliyekuwa analia, mdomo wazi. "We Mama Saada! Jino hilo hapo!" Tukainamisha vichwa sote watatu, mimi, yeye na Saada. Kweli, lilikuwa limeshatoka ncha, jeupe kama punje ya mchele. Natamani ungeliona kwenye mwanga ule.

Sasa maneno yangu, nayasema kwa heshima na nayasema yote.

Naelewa kwa nini unatutaka Ubena. Si waya peke yake. Ubena ni hatua tu kutoka kambini kwenu, ungekuja kila Ijumaa, ungemwona Hamisi anavyojifunza kukaa. (Ndugu msomaji, hapa ndipo ushushe sauti kweli.) Niliposikia, kabla ya kukasirika, nilifurahi. Usiku nikigeuka upande wako pana baridi, na Saada nimemhamishia hapo ili pasibaki patupu, lakini anapiga mateke. Sijaacha kukuhitaji. Nataka ulijue hilo kabla hujasikia linalofuata.

Siendi Ubena. Ami yako ni mtu mwema, na mkewe ananipenda, na nikienda kuwatembelea nitakaa kwa furaha. Lakini kuhamia, hapana. Nimefukia makumbi mengi pwani mwezi huu, shimo langu nimelisimikia mti wa alama, na likifika wakati wake nisipokuwepo kulifukua, kazi yote imepotea na msimu mzima wa kamba umepotea nayo. Saada ameanza shule. Amejua kuandika jina lake, na la Hamisi, na juzi aliandika lako kwa mkaa kwenye kiambaza, sikulifuta. Nikimtoa sasa ataanza upya lini? Wewe na mimi tulisema yeye atasoma mpaka barua zako asome yeye, usihangaike na sauti ya mtu. Ulilisema hilo ukiwa umemshika, ana siku chache duniani.

Na kuna jingine, kubwa zaidi. Sitaki mwanao ajue kwamba kitu kikikuuma mara moja, unafunga nyumba unahamia kwa ami. Kimemwuma. Amekiona kinafunguliwa, amekiona kinatengenezwa, na leo anakaa karibu nacho bila kutetemeka. Hiyo nimeifanya mimi na mikono hii iliyopasuka, peke yangu, na mtoto mgongoni. Ukiniambia niitupe na nifunge mlango, utakuwa unamwambia yeye kwamba mama yake hakufanya kitu.

Lakini wewe ndiye baba yao, na hofu yako ina haki. Sikutaki uamini maneno yangu, wala ya Shomari, wala ya soko la Kerege. Shaabani inakwisha. Omba ruhusa, panda lori la Shomari, amenikubalia atakuchukua na kukurudisha. Njoo tuvunje jungu pamoja, nimekwisha kuagiza kuku kwa Bi Tatu na yeye mwenyewe amesema atapika wali wa nazi, ingawa nazi anasema zimepungua tangu ulipopanda ule mnazi. Ukifika, usikae. Zunguka nyumba yote mchana. Panda darini, fungua sanduku, toa nyaya kwenye mwanzi, pitisha kidole chako kwenye kila kiungo. Nitasimama kando nimenyamaza. Ukikuta mahali pamoja tu shaba iko wazi, nitafunga mzigo mwenyewe mbele yako, na ile redio utaibeba wewe kichwani mpaka baharini, sitasema neno.

Na usipokuta, utaketi barazani na wanao, tusikilize mwezi ukitangazwa, na habari ya kufunga nyumba haitatajwa tena na mtu.

Nakungoja. Salamu kwa wenzako wote, na kwa ndugu aliyesoma, Mungu amlipe kwa kushusha sauti, kama alishusha.

Mkeo asiyehama,

Mama Saada